Sarafu ya Langoni Huzungushwa Mara Mbili

Katika hafla ya kuniaga, msemaji wa ofisi alisimama kando ya sufuria za pilau akaeleza kwamba mimi ndiye niliyemnasa mwenyekiti wa soko akiwa na sarafu bandia, nikaitupa mtaroni mbele ya umma, na haki ikapatikana. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa adabu, kwa sababu afisa aliyesimuliwa pale alionekana mtu hodari na ningefurahi kukutana naye siku moja. Lakini sarafu haikuwa bandia, mwenyekiti hakunaswa, na mtaroni hakikutupwa kitu isipokuwa maganda ya ndizi, ambayo hutupwa humo kila siku licha ya mabango yangu. Nyinyi mnaobaki katika idara ya masoko mtaulizwa habari hii. Afadhali muwe nayo kama ilivyokuwa.

Nianze na Bwana Makori, kwa maana bila yeye nisingejua hata kuuliza. Siku yangu ya kwanza kazini, katika mji wa Kisii, alinikabidhi utepe wa kupimia, kipande cha chaki na filimbi, akaniambia kwamba filimbi ni ya mapambo. Yeye alikuwa msimamizi wa soko mwenye viatu vilivyong'aa hata msimu wa mvua, siri ambayo alistaafu nayo. Asubuhi ile walitujia wachuuzi wawili wakigombania nafasi ya kuuzia kabichi. Nikamuuliza mmoja, kwa uchangamfu wa mtu aliyetoka chuoni, "Nani amekukosea?" Bwana Makori akanishika kiwiko, akanivuta kando.

"Kijana, ukimuuliza mtu nani amemkosea, atakujibu mpaka jioni. Muulize, hapa kwenu jambo hili hufanywaje?"

Niliona ni swali la kizee. Nimelitumia maisha yangu yote ya kazi.

Vyeo nilivyopanda baadaye nitaviruka. Havikumsaidia mtu yeyote, na kimoja kati yavyo hakikunisaidia hata mimi. Nipite pia vituo vya katikati, ambako nilijifunza kutofautisha harufu ya samaki wa omena halali na ile ya juzi. Nifike moja kwa moja kwenye kituo changu cha mwisho, soko moja la barabara ya kwenda Keroka. Silitaji jina, kwa sababu wahusika wote wako hai na wana sauti. Nyumbani kwangu ni Kiogoro, kwa hiyo niliwahi kufika kabla ya malori kushusha ndizi, na niliweza kuona vizuri jinsi soko lile lilivyogawanyika. Mbele palikuwa na lango, linalotazama steji. Abiria akishuka kunyoosha miguu, anachokiona kwanza ndicho anachokinunua. Nyuma palikuwa na vyoo. Ndizi iliyowekwa langoni asubuhi huondoka ikiwa ya manjano. Iliyowekwa nyuma hungoja mpaka iwe nyeusi, na nzi ndio wateja wake waaminifu.

Vibanda vya langoni viligawiwa upya kila mwanzo wa mwaka. Sheria ya idara ilisema, na bado inasema, kwamba waombaji wawili wenye sifa sawa "waamuliwe kwa njia isiyo na upendeleo." Sheria haikueleza ni njia gani. Waliotunga sheria huwa na imani kubwa nasi katika sehemu zile ngumu.

Kamati ya soko ilikuwa na njia yake. Ilikuwa na sarafu ya zamani, nzito, yenye kichwa cha rais upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili, iliyoachwa na waanzilishi wa soko. Zamani waliirusha juu. Lakini mwaka mmoja iliangukia mtaroni, kila upande ukadai kuiona kwanza, na watu wakajeruhiana kwa mikungu ya ndizi. Tangu hapo wakaamua kwamba sarafu isirushwe, bali izungushwe kama pia ya watoto juu ya bamba la jiwe la sabuni, lile jiwe laini linalochongwa kule Tabaka, mpaka ianguke yenyewe watu wote wakiona. Na kwa kuwa sisi ni watu wenye heshima, haikuwezekana kumwacha mdogo achague upande mbele ya mkubwa wake. Kwa hiyo mwombaji mwenye umri mkubwa alipewa kichwa. Daima. Mdogo akabaki na nembo, akashukuru.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Ondieki, muuza vitunguu, mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito na koti zito. Kila mara kabla ya sarafu kuzungushwa alifanya maombi, ili jambo lile lisije likaitwa kamari. Aliyezungusha ni Bwana Salim, muuza nguo kutoka mjini, Mwislamu ambaye ukoo wake uliingia Kisii zamani kwa biashara. Walimchagua kwa sababu hakuwa na ndizi wala vitunguu wala binamu katika soko lile. Nilipomuuliza kama dini yake inaruhusu, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani:

"Mimi sichezi, Bwana Afisa. Mimi nazungusha tu. Wanaocheza ni hawa."

Wiki ya pili tangu niripoti, aliingia ofisini mwanamke wa umri wa kati aliyejifunga leso mbili na hasira moja. Huyo alikuwa Kwamboka, muuza ndizi kutoka upande wa Nyamira. Aliweka chana la ndizi nyeusi juu ya meza yangu.

"Bwana Afisa, kula."

"Siruhusiwi kupokea kitu, mama."

"Hata mimi siruhusiwi kukuuzia hiyo. Lakini ndiyo niko nayo." Akaketi. "Miaka mitano naomba kibanda cha lango. Miaka mitano naambiwa nishindane na Mwenyekiti, na miaka mitano Mwenyekiti anashinda. Ile sarafu ina mwenyewe."

"Umemwambia nani maneno hayo?"

"Nimeyasema jana kwa kamati. Wote."

Nilijua basi kwamba tumekwisha. Mchana huohuo kamati ilinijia nzima. Mzee Ondieki hakupiga kelele; wazee wa kanisa hawapigi kelele, huomboleza.

"Afisa, huyu mama ameniita mwizi. Ameita mwizi hata wale waliotuachia sarafu, na wengine wako kaburini. Athibitishe. Akishindwa kuthibitisha, aondoke sokoni kabisa, aende akauzie barabarani kama wale wa mahindi ya kuchoma."

Kamati ilikuwa na mamlaka hayo, kwa kanuni ambayo idara iliidhinisha bila kuisoma. Kwa hiyo jambo lililokuwa mbele yangu halikuwa fumbo la kitabuni. Mwanamke angepoteza hata ile nafasi yake ya karibu na vyoo ikiwa sarafu ingeonekana safi.

Nawaomba hapa mtulie, kwa sababu ndipo watu wengi hupotea. Kushindwa mara tano mfululizo kunaonekana ni ushahidi mzito. Kwa sarafu ya haki, nafasi ya kushindwa hivyo ni moja katika thelathini na mbili. Ni ndogo, lakini soko lile lilikuwa na waombaji wengi kila mwaka. Ukiwaweka watu thelathini na wawili katika bahati ya aina hiyo, usishangae mmoja akitoka ameshindwa mara zote, na usishangae pia kwamba ni huyo mmoja atakayekuja kwako na chana la ndizi. Wale waliopata mara mbili na kukosa mara tatu hawaendi ofisi ya mtu. Nilimweleza Kwamboka hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi tu nimeangukiwa na mkosi wa wote?"

"Inawezekana. Ndiyo maana lazima tuipime sarafu yenyewe."

"Yaya," alisema, maana yake hapana kwa lugha yetu, na akaisema kama mtu anayefunga mlango. "Mkosi hauketi kwa kiti kimoja na Mwenyekiti."

Habari zilifika makao makuu, na makao makuu, ambayo kwa mambo ya vyoo vyetu yalikuwa hayajafika tangu vijengwe, yalifika siku iliyofuata. Mkuu wetu aliichukua sarafu, akairusha hewani na kuidaka kiganjani mara kumi. Nembo ilitokea mara saba. Akatangaza mbele ya wachuuzi kwamba sarafu inawapendelea vijana, kwa hiyo malalamiko ya mama huyu si tu kwamba hayana msingi, bali ni utovu wa shukrani. Kisha akaondoka, gari likiwa halijazimwa.

Nashukuru kwa mchango wake, kwa kuwa ulikuwa na makosa mawili kamili, na mtu hujifunza vizuri kutoka kwa kosa lililokamilika. La kwanza ni uchache. Sarafu iliyo sawa kabisa, ukiirusha mara kumi, itakupa saba kwa tatu au zaidi, kwa upande wowote, karibu mara moja katika kila majaribio matatu. Kumi haitoshi kumhukumu mtu wala kumsafisha. Kanuni ya kubeba mfukoni ni hii: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya mitupo, ukiongeze na kukipunguza kwenye nusu. Ukirusha mara mia, kipeuo ni kumi. Hivyo kichwa kikitokea kati ya mara arobaini na mara sitini, nyamaza, nenda nyumbani. Kikizidi hapo, anza kuuliza. Si hakika, maana hata sarafu ya haki hutoka nje ya mipaka hiyo takribani mara moja katika ishirini. Ila ukitoka mbali sana nje ya mipaka, bahati haiwezi tena kubeba lawama.

Kosa la pili sikuliona mara moja. Nilianza kwa kurudia kazi ya mkuu wangu kwa ukamilifu: niliirusha mara mia, Kwamboka akiweka alama za chaki upande mmoja wa ubao na Mzee Ondieki upande mwingine. Kichwa kilitokea mara hamsini na mbili. Mzee Ondieki alifumba macho akatoa shukrani. Kwamboka aliutazama ubao, kisha akaanza kufungua leso yake ya nje ili afungie vitu vyake.

Hapo nilimsikia Bwana Makori kana kwamba amesimama nyuma yangu na viatu vyake. Hapa kwenu jambo hili hufanywaje?

"Ngoja, mama," nilisema. "Mwenyekiti, ninyi huirusha hivi?"

"La. Sisi tuliacha kurusha. Unajua hivyo."

"Basi tumepima mchezo ambao hamchezi. Bwana Salim, tafadhali, lete lile jiwe."

Mwenyekiti alikuwa na pingamizi moja la kiutaratibu. Sarafu haikuwahi kuzungushwa bila maombi, na kama ni mara mia, basi maombi mia. Nilimheshimu kwa hilo. Ni wachache wanaofuata kanuni inapowagharimu magoti. Tulijadiliana hadi karibu na chakula cha mchana, mpaka akakubali ombi moja la jumla litakalofunika mizunguko yote, kwa sharti kwamba liwe refu. Lilikuwa refu.

Salim akazungusha. Kama hamjapata kutazama sarafu ikizunguka juu ya jiwe la sabuni, itazameni: husimama wima kama mtu mwenye msimamo, kisha huanza kuyumba, na katika kuyumba ndipo tabia yake hujitokeza. Hewani, sarafu hupinduka kwa nguvu ya mkono, na kasoro ndogo ya umbo haina nafasi ya kusema. Juu ya jiwe, ukingo ndio unaoamua. Na ukingo wa sarafu ile, kwa miaka mingi ya mifuko na viganja, ulikuwa umelika kidogo upande wa nembo. Si mtu aliyeuchonga. Hata kwa jicho usingegundua. Mimi niliugundua kwa ukucha, na baada ya majibu, si kabla.

Kufikia mzunguko wa hamsini watu walikuwa wameacha vibanda vyao. Kijana mmoja muuza vifuniko vya simu alipanda juu ya kreti na kutangaza kama ni mechi ya mpira.

"Kichwa tena! Omogaka, mzee wetu, hii ni timu yako!"

"Funga mdomo," alisema Mzee Ondieki, lakini si kwa sauti yake ya kawaida.

Kichwa kilitokea mara sitini na saba. Mwenyekiti alisema sarafu ilikuwa imechoka, hoja ambayo sikuikuta katika kitabu chochote cha takwimu. Hata hivyo niliikubali, tukarudia kesho yake ikiwa imepumzika. Mara sitini na nne. Jumla, mia moja thelathini na moja katika mia mbili, ilhali nusu ni mia, na kipeuo cha mia mbili ni kama kumi na nne tu. Tulikuwa tumeizidi mipaka zaidi ya mara mbili. Sarafu ya haki ingeweza kufanya hivyo, kama vile ng'ombe anavyoweza kupanda ngazi.

Sasa tazameni kilichokuwa kimetendeka katika soko lile, kwa kuwa ndicho msemaji wetu amekiharibu kwa hadithi yake ya wizi. Hakuna aliyeiba. Sarafu iliyorushwa ilikuwa ya haki. Desturi ya kumpa mkubwa kichwa ilikuwa ya adabu. Kuzungusha juu ya jiwe kuliletwa ili kuzuia watu kuumizana. Mambo matatu mema yaliwekwa pamoja, na kwa miaka wazee wakashinda karibu mara mbili kwa kila mara moja ya vijana, na hakuna aliyeshtuka, kwa maana wazee kushinda lilikuwa jambo la kawaida hata bila sarafu.

Mzee Ondieki alikaa juu ya gunia lake la vitunguu.

"Mimi nilidhani ni Mungu," alisema.

Kwamboka ndiye aliyemjibu, na kwa upole ambao sikuutarajia: "Hata mimi, Mwenyekiti. Ndiyo maana nilikasirika sana."

Ikabaki kuamua la kufanya. Kijana wa vifuniko alitaka sarafu itupwe, na labda hapo ndipo msemaji alipookota mtaro wake. Kamati ilikataa katakata. Kuitupa kungekuwa kukiri wizi ambao haukutendeka. Kutafuta sarafu mpya kusingetosha pia, kwa sababu hiyo nayo ingelika, na ingelalamikiwa na mtu wa kwanza kushindwa. Na kurusha hewani, hakuna aliyekuwa amesahau ile mikungu. Nikawapa njia ambayo haihitaji sarafu iwe njema. Zungusha mara mbili. Ikianza kichwa ikafuata nembo, mkubwa amepata. Ikianza nembo ikafuata kichwa, mdogo amepata. Zikifanana, hakuna aliyepata, rudia.

"Lakini itapenda kichwa tu," alisema Kwamboka.

"Na ipende. Kila uamuzi lazima uwe na kichwa kimoja na nembo moja. Upendeleo wake umeingia mara moja upande wako na mara moja upande wake. Kinachobaki ni nani ametangulia, na hilo sarafu haina namna ya kulipendelea."

Salim alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mzee Ondieki aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo sarafu yetu haijafukuzwa kazi?"

"Haijafukuzwa. Imepewa msaidizi."

Siku ya ugawaji, Kwamboka akiwa amepangwa tena dhidi ya Mwenyekiti, maombi yalifanywa, mafupi safari hii. Kichwa, kichwa: soko zima likapiga kelele, nami nikainua mkono. Nembo, nembo: kelele za upande wa pili. Kisha nembo, na Salim akaishika sarafu tena, akaiweka wima juu ya jiwe, akaisokota. Iliyumba muda mrefu. Kichwa. Kwamboka hakushangilia. Aliinua mkungu wake mmoja wa ndizi, bado za kijani, akaenda nao langoni, akauweka chini, akasimama kando yake kama mtu anayengoja kuambiwa auondoe.

Mwenyekiti alihamia nyuma. Kabla wiki haijaisha aliniletea, kwa mara ya kwanza katika uongozi wake, malalamiko rasmi kuhusu hali ya vyoo, yenye maelezo ya kina na sahihi za kamati nzima. Vyoo vikatengenezwa. Makao makuu yalituma mtu wa kuvizindua.

Msemaji wetu angekomea hapo, na makofi yangefuata. Mimi natakiwa kuongeza mwaka uliofuata, wa mwisho wangu kazini. Binti mmoja muuza maparachichi aliomba kibanda cha langoni, akapangwa kushindana na Kwamboka. Siku moja kabla ya ugawaji, Kwamboka alikuja ofisini. Safari hii ndizi zilikuwa za manjano.

"Bwana Afisa, nilikuwa nafikiria. Ile njia ya zamani, ya mara moja. Kwani ilikuwa na ubaya gani? Ni mila ya soko."

"Mama Kwamboka."

"Huyu ni mtoto mdogo! Ana miaka ya kungoja. Mimi sina."

Nikamrudishia ndizi zake. Akaziacha mlangoni, ili isemwe kwamba hakunipa.

Kesho yake umati ulijaa. Salim akasokota sarafu, ikayumba, ikaanguka kichwa, na kabla haijatulia Kwamboka alikwishapiga ukelele: "Imetosha! Salim, chukua sarafu, imetosha!"

Nilifungua mdomo ili niseme kanuni. Sikuhitaji. Kutoka nyuma kabisa, ng'ambo ya vyoo vipya, ilikuja sauti nzito ya mzee wa kanisa aliyekuwa amesimama juu ya gunia la vitunguu.

"Bado! Hapa kwetu huzungushwa mara mbili!"